Kidato cha Kwanza Waanzie Wapi?

Hoja ni hii: mtoto wa kidato cha kwanza wa Bagamoyo, siku anayoanza kuisoma jamii kama somo la sekondari, aanzie mtaani kwake au aanzie kwenye taifa? Swali ni la zamani, ila limepata makali mapya tangu mtaala ulioboreshwa uanze kuingia madarasani Januari 2024. Sekondari sasa ina somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na hilo linafundishwa kwa Kiswahili, huku Jiografia ikiendelea kufundishwa kwa Kiingereza kama zamani. Rais John Magufuli ndiye aliyeagiza, mwishoni mwa 2020, historia ya nchi iwe somo la kujitegemea. Maadili yakaungana nayo katika mtaala mpya.

Wanaozungumza hapa chini sikuwapa majina kwa kuwa sauti zao nimezitunga mwenyewe. Hoja zao sikuzitunga. Aliyewahi kukaa barazani Dunda au Magomeni, hapa Bagamoyo, baada ya alasiri atazitambua. Yupo Mwalimu, dada mzaliwa wa Ujiji aliyepangiwa kazi pwani. Yupo Mzee, mwalimu mstaafu. Yupo Mama, mkaanga samaki mwenye binti kidato cha kwanza. Yupo Kijana, anayetembeza watalii Mji Mkongwe. Na yupo Binti mwenyewe, aliyetumwa kuleta kahawa akasahau kuondoka.

MWALIMU: Mimi nilianza kama nilivyoanziwa. Ubaoni niliandika maana ya historia, chini yake vyanzo vya historia: masimulizi, maandishi, akiolojia. Watoto wakanakili kwa mwandiko mzuri kabisa. Nikauliza nani amefika Kaole. Wakatazamana. Kaole iko kilomita kama tano kutoka darasani, ina msikiti ambao wataalamu wanaurudisha hadi karne ya 13, na makaburi ya mawe yaliyojengwa kwa mnara. Mtoto anakariri neno akiolojia, na akiolojia yenyewe angeifikia kwa miguu kabla ya adhuhuri. Tangu siku ile nikasema naanzia hapa hapa.

MAMA: Mwalimu, mimi sina ugomvi na Kaole. Nina ugomvi na karatasi ya mtihani. Upimaji wa kidato cha pili unatungwa kwa mtoto wa Bagamoyo na mtoto wa Sumbawanga kwa pamoja. Wa Sumbawanga hataulizwa Kaole, basi na wangu hataulizwa. Muda anaopoteza kwenye magofu, mwenzake anamaliza sura mbili za kitabu.

MZEE: Na huyo wa Sumbawanga naye ana mji wake wa kuutembea. Mwanangu Mwalimu, usidhani umegundua jambo. Agosti 1968 waelimishaji kutoka nchi kadhaa za Afrika walikutana Mombasa kuzungumza jinsi ya kufundisha maarifa ya jamii. Fikra iliyotoka pale ni kwamba historia, jiografia na uraia visikatwe vipande vipande, na mtoto aanze na mazingira yake kabla ya kupelekwa kwa wafalme wa Ulaya. Mwaka mmoja kabla, Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa Elimu ya Kujitegemea, nayo ilisema karibu hayo hayo. Wenzetu Kenya mwaka 2023 walipofungua darasa la saba la sekondari ya chini wakaweka somo moja la maarifa ya jamii. Sisi huku tumeipa historia ya nchi chumba chake, na jiografia chumba kingine. Sisemi nani kapatia. Nasema fikra hii ni ya miaka zaidi ya hamsini, na bado wewe umekuta watoto hawajafika Kaole. Kwa nini?

KIJANA: Nauli.

MZEE: Kilomita tano, nauli gani? Kwa sababu somo la jamii likiletwa na serikali huja na majibu yake mfukoni. Nimefundisha Siasa mimi. Nilifundisha Azimio la Arusha, na nililiamini, msinielewe vibaya. Lakini mwanafunzi aliyejibu vizuri tulimwita ana msimamo, na aliyeuliza sana tulimwita mkorofi. Vyama vingi vilipokuja mwaka 1992, Siasa ikapisha Uraia. Sasa mmeniletea Maadili. Mimi namwogopa mtu anayebandika maadili ubavuni mwa historia, maana hapo kila aliyekufa lazima awe ama shujaa ama mwovu.

MWALIMU: Kwani Abushiri si shujaa?

MZEE: Abushiri bin Salim aliwapiga Wajerumani mwaka 1888 na 1889 mpaka kampuni yao ikaishiwa nguvu, Berlin ikalazimika kumtuma Wissmann na jeshi. Wakamnyonga Pangani Desemba 1889. Huyo shujaa. Abushiri huyo huyo alikuwa na shamba la miwa na watumwa wa kulilima. Na vita vilipoufikia mji huu, watu wa Bagamoyo walikimbilia misheni ya Wakatoliki, naye misheni hakuigusa. Haya, lipange hilo kwenye jedwali la maadili.

Hapa nimwingilie Mzee kidogo. Hofu yake ni ya kweli, ila ameikuza. Neno maadili likiwa kwenye jina la somo halimzuii mwalimu hodari kuuliza maswali, na lisipokuwepo halimfanyi mwalimu mvivu aulize. Kinachomfunga mwalimu zaidi ni vipindi vichache na darasa lililojaa. Lakini mfano wake wa Abushiri ni mzuri kuliko ubishi wake. Mtoto wa miaka 14 anaweza kabisa kubeba habari ya mtu mmoja aliyekuwa mambo mawili. Anawaona watu wa namna hiyo nyumbani kwao kila siku.

KIJANA: Nyinyi mnabishania kitabu. Mimi mji huu nautembeza kwa mguu, na naujua upande usiosemwa. Mgeni anashuka kwenye gari ana picha ya minyororo kichwani. Nikimpitisha Ngome Kongwe anaulizia chumba cha watumwa. Nikimpeleka Caravan Serai nikamwambia wengi waliolala hapa walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi waliokuja kwa ujira wao, naona uso unapoa. Bakshishi nayo inapoa. Kwa hiyo nimejifunza kuanza na minyororo.

MWALIMU: Hapo ndipo unaponiudhi, kaka yangu. Njia ile mwisho wake ni kwetu, Ujiji, kama kilomita 1,200 kutoka hapa. Mpagazi wa pembe alibeba kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, juu yake mkeka na sufuria yake. Alipatana ujira kabla ya kunyanyua mzigo. Posho ikikatwa njiani, alitua mzigo akagoma, na tajiri hana la kufanya katikati ya pori. Pembe zile ziliishia kuwa vibonye vya piano na mipira ya biliadi kwa watu wa Ulaya na Marekani. Watu wale walikuwa wafanyakazi. Ukiwafunga wote minyororo mdomoni mwako kwa ajili ya bakshishi, unawanyang'anya mara ya pili.

KIJANA: Kwa hiyo watumwa hawakupita?

MWALIMU: Walipita.

MZEE: Walipita, na wengine hawakupita, walibaki hapa hapa. Sultani Barghash alitia saini kufunga biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, magendo yakaendelea. Mapadri waliofika 1868 walinunua watoto sokoni wakawajengea kijiji ndani ya uwanja wa misheni. Wajerumani walitawala wakaondoka bila kuufuta utumwa wa majumbani na mashambani. Ni Waingereza walioufuta kisheria Tanganyika, mwaka 1922. Hesabuni: 1922. Wapo wazee mjini humu ambao bibi zao walizaliwa kabla ya hapo.

BINTI: Shikamooni. Samahani, sasa mimi kwenye daftari niandike lipi? Waliofungwa au waliolipwa?

MAMA: Mnaona? Ndiyo niliyoyasema. Mtoto anataka jibu moja la kuandika, nyinyi mnampa mawili na kahawa.

MWALIMU: Andika yote mawili, kisha andika nani amekwambia lipi, na anapata nini akikwambia hivyo.

KIJANA: Mimi tena!

Kwangu mimi maneno hayo ya Mwalimu ni utangulizi wa kutosha wa somo zima, na angeishia hapo angekuwa ameshinda mjadala. Hakuishia hapo. Alitaja zoezi la nyumbani, na barazani kukapoa.

MWALIMU: Ndiyo maana muhula huu nimefikiria kuwapa kazi. Kila mmoja amuulize bibi au babu yake: ukoo wetu ulifikaje Bagamoyo?

MAMA: Hapana.

MWALIMU: Mama, ni swali dogo tu.

MAMA: Kwako wewe mgeni ni dogo. Mji huu, Mwalimu, una watu wanaojua nani alikuja na nani, na nani alikuja nyuma ya nani. Hawasemi. Wanaoana, wanazikana, wanapikiana futari, hawasemi. Ukimtuma mtoto aulize ukoo, umemtuma aulize nani alikuwa bwana na nani alikuwa mtwana. Mwenye nasaba ya Kishomvi, ya watawala wa zamani wa mji, ataleta kurasa tatu za madiwani. Aliyekaa dawati moja naye ataleta karatasi tupu, na darasa zima litajua kwa nini ni tupu. Umefundisha historia hapo, au umemvua mtoto wa watu nguo?

MZEE: Mama hajakosea. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza Watanzania makabila yao. Zilizofuata hazikuuliza. Taifa hili kwa sehemu limejengwa kwa kutoulizana. Kumetupa amani. Kumetupa na ujinga kidogo, lakini amani kwanza. Hata hivyo, Mama, ukimya wako nao una mipaka. Sheikh Yahya bin Abdallah Ramiya, ambaye jina lake halina mtu asiyelijua hapa, alitoka Manyema, Kongo. Aliletwa pwani mdogo, mtumwa. Akasoma, akafanya biashara, akawa mkuu wa tarika ya Kadiria, na mpaka anafariki mwaka 1931 Bagamoyo ilikuwa mji ambao watu wanasafiri kuja kwa ajili ya maulidi yake. Hilo nalo tulifiche? Mtoto mwenye karatasi tupu si angefurahi kulisikia?

MAMA: Babu, Sheikh alijipatia heshima kwa elimu na ucha Mungu, na alipoipata alikuwa mtu mzima. Anayetaka kusimulia ya Sheikh na asimulie, ni sifa kwa mji. Lakini huwezi kumsimamisha mtoto wa miaka 14 mbele ya wenzake ukamwambia usione haya, hata Sheikh alikuwa hivyo. Ataona haya. Kisha atasikia maneno kwenye uwanja wa mpira.

KIJANA: Mimi hapo niko na Mama. Watalii naweza kuwaambia lolote. Jirani siwezi.

Nami niko na Mama. Wanaotunga miongozo ya kufundishia hupenda sana zoezi la mti wa ukoo, kwa sababu kwenye karatasi linaonekana halina madhara. Katika mji wa bara wenye watu waliohamia juzi labda halina. Pwani, kuanzia Saadani kushuka hadi Kilwa, lina. Lakini ukimya mtupu nao haufai kuwa somo, na Mwalimu alirudi na hoja ambayo hata Mzee hakuitarajia.

MWALIMU: Basi tuuache ukoo. Nitaanza na mwenyeji wenu mmoja aliyelitatua tatizo hili kabla yangu. Mtoro bin Mwinyi Bakari mnamjua?

KIJANA: Hayumo kwenye ziara yangu.

MWALIMU: Mtu wa Dunda, hapa hapa. Alisoma chuoni akasomesha, akafanya na kazi ya kukusanya kodi wakati wa Wajerumani. Mwaka 1900 akachukuliwa Berlin kufundisha Kiswahili. Kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903 kimetoka kwa sehemu kubwa mikononi mwake, ingawa juu lilikaa jina la Carl Velten, Mjerumani aliyekihariri. Mle ndani kuna kuzaliwa, michezo ya watoto, chuo cha Kurani, harusi, ngoma, pepo, safari za bara, madeni, sheria za mauaji. Na utumwa umo, Mama. Umo wazi, na aliuandika wakati utumwa wenyewe bado ni halali. Ameeleza mzalia alitendewaje na aliyenunuliwa juzi alitendewaje, nani alikula na nani, nani alimwamkia nani vipi. Ameeleza desturi ya mji. Hakutaja kwamba fulani bin fulani alikuwa wa nani.

MZEE: Kumbe huyo ndiye mwalimu wenu wa kwanza wa maarifa ya jamii, na wanafunzi wake walikuwa Wajerumani.

MWALIMU: Wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kuja kututawala. Alioa mke Mjerumani, na mwaka 1905 alipotaka kurudi naye nyumbani serikali ya kikoloni ikawazuia. Akarudi Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927. Nadhani mtoto wa kidato cha kwanza akisikia hivyo atataka kujua zaidi, na hajaulizwa babu yake ni nani.

MAMA: Huyo nimemkubali. Kitabu chenyewe kinapatikana?

Mwalimu hakujibu upesi. Kitabu cha mtu wa Dunda ni rahisi kukikuta katika maktaba ya chuo kikuu Ulaya, na kwenye tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1981, kuliko katika shule ya kata iliyo mita mia kadhaa kutoka alikozaliwa mwandishi. Taasisi ya Elimu ingeweza kuchapa kurasa 20 tu za maandishi yale, kwa tahajia ya leo, na kila shule ya Tanzania, ya Sumbawanga ikiwemo, ingekuwa na mfano wa Mswahili anayeichunguza jamii yake mwenyewe bila kuisifu na bila kuisimanga. Ni pendekezo langu, simwekei mtu mwingine mdomoni.

BINTI: Mimi napenda kipindi cha Historia ya Tanzania kwa sababu naweza kubisha. Kengele ikilia ya Jiografia nanyamaza. Mto Ruvu naujua, tunavuka kila tukienda Makurunge kwa shangazi, lakini ule wa kitabuni una mdomo wa Kiingereza.

MZEE: Hilo mwambie Waziri.

BINTI: Na bandari ya kujengwa hapa Bagamoyo iko sura ya ngapi?

KIJANA: Lo.

BINTI: Si ni jamii? Nyumbani wanaizungumza tangu sijaanza shule.

MWALIMU: Hakuna sura. Ningekuwa na moyo ningeandika ubaoni tarehe tu. Mwaka 2013 mkataba wa awali na Wachina, Rais Xi Jinping alipokuja. Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi, na Oman wamo. Mwaka 2019 Rais Magufuli akasema hadharani masharti yale hayakubaliki. Mwaka 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yafufuliwe. Wanne wa kuwahoji wapo mtaani: aliyethaminiwa shamba lake, mvuvi, dalali wa viwanja, mtu wa halmashauri.

MAMA: Na mkuu wa shule akikuita ofisini?

MWALIMU: Ndiyo maana nilisema ningekuwa na moyo.

MZEE: Anza na kilichopita, watazoea kuuliza. Wakishazoea, bandari wataiuliza wenyewe bila wewe.

Mzee anasema hivyo kwa uzoefu wa mtu aliyestaafu salama. Sina hakika kwamba mazoea ya kuuliza mambo ya 1888 huhamia yenyewe kwenye mambo ya 2015. Nimewajua wasomi wengi hodari wa karne ya 19 ambao kwenye mkutano wa mtaa hawafungui mdomo. Mama, aliyeanza akitetea karatasi ya mtihani, ndiye aliyekuja na njia ya katikati, na ilitoka kwenye biashara yake.

MAMA: Mimi nitakwambia waanzie wapi. Waanzie mnadani. Waje pwani asubuhi mashua zinaporudi, wasimame pembeni wasikanyage dagaa za watu. Wamtazame dalali anavyopandisha bei. Waulize kwa nini mvuvi aliyelala baharini anaondoka na kidogo kuliko aliyelala kitandani. Nyavu ni za nani, injini ni ya nani, barafu inatoka wapi, ushuru anachukua nani na unakwenda wapi. Kwa nini samaki mkubwa anapanda gari kwenda Dar es Salaam, na mimi nabaki na vibua vya kukaanga. Hiyo si jamii?

MWALIMU: Hiyo wataniambia ni Elimu ya Biashara, nimeingia kipindi cha mtu.

MZEE: Na ushuru ni uraia, na barafu ni jiografia. Ndiyo yale yale ya Mombasa.

BINTI: Saa ngapi lakini? Mashua zikirudi sisi tuko mstarini shuleni.

MAMA: Jumamosi.

BINTI: Jumamosi kuna tuisheni ya Hesabu.

MAMA: Tuisheni nalipa mimi, Jumamosi moja haikufilisi. Ila nina sharti, Mwalimu. Waulize bei, waulize ushuru, waulize nyavu. Wasiulize nani anadaiwa na nani.

MWALIMU: Mama, hilo ndilo swali nililotaka waanze nalo.